Nani Alipe Deni la Jambazi?



Karatasi hii ni ya watu wa reli, na mara nyingi habari zake ni za reli: mishahara, sare, nyumba, na wakubwa wanaopanga zamu bila kuuliza mtu. Mwezi huu tunaandika habari za pampu za petroli. Kabla mtu hajauliza yatuhusu nini, na atazame anakoishi. Kule Emali, Kibwezi na Mtito Andei, watu wa stesheni na watu wa vituo vya mafuta ni majirani. Tunapanga vyumba katika ploti moja, tunachota maji katika mfereji mmoja siku yanapotoka, na tunakopa maharagwe kwa mama mmoja. Nyumba nyingi za Ukambani zina mtoto mmoja aliyeandikwa kazi ya mshahara wa kudumu, wa pili ana bodaboda, na wa tatu anashika pampu. Basi akipigwa mtu wa pampu, amepigwa mtu wa nyumbani kwetu.

Sasa sikilizeni habari ya jirani yetu mmoja. Hatutaji jina lake, wala mji, wala kituo, maana bado anatafuta kazi, na matajiri huulizana habari za watu. Alikuwa zamu ya usiku yeye na mlinzi mmoja mzee mwenye rungu. Saa nane na nusu wakaja watu wawili kwa pikipiki. Mmoja akaomba mafuta ya shilingi 200. Alipokuwa akitiliwa, mwenzake akatoa bastola. Dada yule akavua mkoba wa kiunoni akautoa. Mzee akaambiwa alale kifudifudi, akalala. Pikipiki ikaenda zake. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyekufa, na sisi twasema wale wawili walifanya vyema kabisa.

Asubuhi polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Kisha tajiri, mwenye kituo, akamwita dada yule ofisini. Akamwambia: fedha zilizopotea ni shilingi 38,400, nazo zilikuwa mikononi mwako. Mshahara wake ulikuwa shilingi 13,000 kwa mwezi. Ikaandikwa karatasi kwamba atakatwa 6,000 kila mwezi kwa miezi 6, na mwezi wa saba 2,400, akatia sahihi, maana aliambiwa asipotia sahihi atapelekwa kituoni kama mshiriki wa wezi. Alilipa miezi mitatu. Mwezi wa nne mtoto akaugua, kodi ya nyumba ikampita, akaacha kazi. Yule mzee wa rungu naye alifukuzwa siku ile ile kwa kosa la kulala. Ndiyo, alilala! Alilala kwa sababu bastola ilimwamuru.

Tunauliza, na tunataka jibu: deni la jambazi alipe nani?

Msidhani tajiri yule ni mkatili kuliko wengine. Anafanya kama wanavyofanya wenzake, na hilo ndilo linalotukasirisha. Gari likijaza mafuta likatoroka bila kulipa, anakatwa aliyeshika pampu. Noti ikionekana bandia, anakatwa yeye. Mteja akionyesha ujumbe wa uongo wa M-Pesa katika simu yake, akaenda, anakatwa yeye. Mafuta yakipungua katika tangi la chini kwa sababu lori lilileta pungufu, nalo hilo wakati mwingine hugawanywa juu ya vichwa vya watu wa pampu, kana kwamba waliyanywa. Hivi ndivyo tajiri alivyojipatia bima isiyo na malipo: ni mshahara wa mtu mwingine. Na mtu mwenye bima ya bure hana haja ya kununua taa.

Sheria yasemaje? Tumeisoma, maana hata sisi wa shule ya misheni tulifundishwa kusoma, na sheria za siku hizi zinapatikana. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inataja mambo ambayo mwajiri anaweza kuyakata katika mshahara. Juu ya upungufu wa fedha, inasema makato yawe kwa upungufu uliotokana na uzembe au ukosefu wa uaminifu wa mfanyakazi, tena mfanyakazi ambaye mkataba wake unasema wazi kwamba amekabidhiwa kazi ya kupokea, kutunza na kulipa fedha. Juu ya mali iliyoharibika au kupotea, inasema iwe ni kwa kosa la kukusudia la mfanyakazi. Basi mtuonyeshe uzembe uko wapi katika kutoa mkoba mbele ya bastola. Mtuonyeshe kukusudia kuko wapi. Na wengi wa watu wa pampu tunaowajua hawana mkataba hata wa ukurasa mmoja; wamepewa aproni na kuambiwa zamu inaanza saa kumi na mbili.

Tajiri mmoja alijibu ya kuwa hajavunja sheria kwa sababu hajakata zaidi ya theluthi mbili za mshahara. Bwana huyu amesoma mstari mmoja akaacha mingine. Theluthi mbili ni mpaka wa makato yote yaliyo halali yakijumlishwa pamoja. Mpaka huo hauyafanyi halali makato yaliyo haramu. Mtu akikuibia kuku mmoja kati ya kuku watatu hawezi kujitetea kwa kusema amekuachia wawili.

Wenye vituo nao wana hoja yao, nasi hatutaificha. Wanasema: wizi mwingi hutoka ndani. Mtu wa pampu ndiye anayejua siku gani fedha ni nyingi, saa ngapi meneja anakwenda benki, na ufunguo unakaa wapi. Wanasema humpigia simu rafiki yake, wakagawana, kisha naye akalia machozi mbele ya polisi. Ni kweli kwamba hayo hutokea. Hatuwezi kuandika katika karatasi ya wafanyakazi kwamba kila mfanyakazi ni malaika, maana wasomaji wetu wangetucheka. Lakini mwizi wa ndani ana dawa yake nayo ni upelelezi, ushahidi na hakimu. Kumkata kila mtu mshahara kwa sababu huenda mmoja ni mwizi ni kumfanya mwaminifu alipe sawasawa na mwizi, na hapo mwizi ndiye anayefaidika, maana yeye ana fungu lake pembeni la kumtosha kulipia makato. Tena tajiri anayeajiri mtu bila mkataba, bila kuuliza alikotoka, na kumwondoa kila baada ya miezi mitatu ili asidai haki za kudumu, asishangae kwamba hakuna mtu kituoni pake anayekiona kituo kuwa chake.

Na sasa tugeukie nyumba yetu wenyewe, maana hatuwezi kunyooshea wengine kidole huku vidole vyetu vinanuka dizeli. Treni za reli mpya, iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, zinavutwa na injini za dizeli, kama zile za reli ya zamani. Popote penye dizeli pana mtu mwenye mpira na mtungi. Kando ya barabara ya Mombasa, kuanzia Salama na Sultan Hamud kushuka mpaka Mtito Andei, nani asiyejua maana ya mtungi wa njano uliopinduliwa kando ya njia? Lori linapunguza mwendo, linaingia nyuma ya kibanda, baada ya dakika kumi linatoka. Mwenye bodaboda ananunua, mwenye matatu ananunua, na wafanyakazi wenzetu wenye vigari vyao wananunua pia wakisema ni bei nafuu. Wapo wanaoita hiyo posho. Hiyo si posho. Posho huandikwa katika karatasi ya mshahara.

Tena si vibanda peke yake vinavyonunua. Tangu zamani inajulikana kwamba mafuta yaliyokusudiwa kwenda Uganda, Rwanda au Kongo, ambayo kodi ya Kenya haikulipwa, huteremshwa njiani na kuingia katika matangi ya vituo. Halmashauri ya serikali ya kusimamia nishati na petroli, EPRA, hupima mafuta na kutangaza vituo vilivyokutwa na mafuta ya kwenda nje au yaliyochanganywa na mafuta ya taa. Uchanganyaji ulikuwa mkubwa hata Septemba 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili mchanganyaji asipate faida, na aliyeumia ni mama wa kijijini Kitui anayewasha koroboi. Basi yuko tajiri anayelia hadharani kwamba wezi wamemwingilia kwa mlango wa mbele, na usiku wa pili anawafungulia wezi wengine mlango wa nyuma. Mtu wa namna hiyo hathubutu kuita polisi wapeleleze sana, maana wakipeleleza sana watapima tangi. Kwa hiyo humgeukia msichana wa pampu na kumkata mshahara. Hiyo ndiyo njia ya kimya.

Biashara hii ya mpira na mtungi pia inaua. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, katika njia ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret. Watu wakakimbilia na madebe, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100. Tarehe 10 Agosti 2019 ikawa vivyo hivyo Msamvu, Morogoro, kwa ndugu zetu wa Tanzania, na hapo pia walikufa zaidi ya 100. Wote walikuwa maskini waliodhani wamepata bahati. (Debe lenyewe, ambalo leo twapimia mahindi, lilifika kwetu likiwa bati la mafuta la galoni 4. Wazee wetu walibakiwa na bati baada ya mafuta kwisha, na pengine hiyo ndiyo faida pekee tuliyowahi kupata bure katika mafuta.)

Turudi kwenye bastola na usiku. Kwa nini jambazi hupenda kituo cha mafuta kuliko duka? Kwa sababu kiko barabarani, kiko wazi wakati benki na maduka yamefungwa, na yeye anaweza kuja kama mteja bila mtu kushtuka. Akimaliza ana njia mbili za kukimbilia. Tena kila bei inapopanda, mkoba wa kiunoni unanenepa. Mwaka 2023 lita ya petroli ilipita shilingi 200, na mtu wa pampu aliyekuwa akishika fedha za lita 300 kwa usiku akajikuta ameshika zaidi ya 60,000 kwa mafuta yale yale na mshahara ule ule. Hesabu hiyo jambazi naye anaijua. Usiku wa Jumamosi na Jumapili ni mbaya zaidi, maana fedha zinangoja Jumatatu. Desemba, watu wanaporudi nyumbani kwa Krismasi na magari yamejaa barabarani, ni mbaya kuliko miezi yote.

Watu wa Kitui watasema reli haifiki kwao. Ni kweli, lakini lami imefika. Barabara ya kutoka Kibwezi kupita Ikutha na Mutomo mpaka mji wa Kitui zamani ilikuwa ya vumbi, gari lilikwenda siku nzima. Ilipotiwa lami, magari yalizidi, na biashara ya mafuta ikafuata magari. Tunaifurahia barabara hiyo, maana mgonjwa anafika hospitali upesi. Lakini pikipiki ya jambazi nayo inafika upesi, na kati ya mji na mji pana masafa marefu ya vichaka bila nyumba, na kituo cha polisi hakiko karibu. Pampu mbili, taa moja, kijana mmoja, usiku kucha. Hapo tajiri ameweka chambo, na chambo chenyewe ni mtoto wa mtu.

Wengine hudhani dawa ni ukali. Ukali tunao tayari. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 296, inasema anayeiba kwa mabavu akiwa na silaha ya hatari, au akiwa na mwenzake, hukumu yake ni kifo. Hakuna hukumu inayozidi hiyo. Mtu hajanyongwa Kenya tangu mwaka 1987, lakini hukumu ingali kitabuni na magereza yamepokea wengi kwa kosa hilo. Je, imezuia? Kijana mwenye bastola saa nane ya usiku hasomi Kanuni ya Adhabu. Anatazama vitu vitatu tu: fedha ni nyingi? yuko mtu mmoja? kuna giza?

Wengine nao hutumia dawa ya tairi. Mwizi akikamatwa, kabla polisi hawajafika, watu huleta tairi, na petroli inatoka pampu ile ile iliyoibiwa. Tumeliona jambo hili kwa macho na hatutaki kuliona tena. Siku nyingine aliyewashwa ni mwenye bodaboda aliyesimama mahali pabaya. Na mtu wa pampu akiamriwa na umati atoe petroli ya kumchomea mtu, anafanywa muuaji akiwa kazini, na kisha petroli hiyo nayo atakatwa mshahara. Chama hakiwezi kukubali jambo hilo, na mfanyakazi wetu yeyote aliyeshiriki asitazamie tumtetee.

Basi dawa ni ipi? Wazee wa reli wametuhadithia jinsi fedha za tikiti zilivyotunzwa zamani katika stesheni ndogo. Mapato hayakulala kwa karani. Yalihesabiwa, yakatiwa katika mfuko wa ngozi, mfuko ukafungwa kwa lakiri, ukakabidhiwa kwa gadi wa treni kwa sahihi. Mwizi akija usiku alimkuta karani na tikiti zake na taa ya mafuta. Hakuna aliyemwambia karani awe shujaa. Waliondoa fedha, basi wakaondoa sababu ya kumwua.

Wenye vituo wafanye hivyo. Kasha la chuma lenye tundu la kutumbukizia fedha liwekwe sakafuni na kushikizwa kwa saruji, na ufunguo wake usiwe kituoni kabisa usiku. Kila mtu wa pampu akifikisha kiasi kilichopangwa, kwa mfano shilingi 3,000, atumbukize. Kisha iandikwe ukutani kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili na kwa Kikamba, kwamba wafanyakazi hawana ufunguo. Maandishi hayo ni muhimu kama kasha lenyewe, maana jambazi asiyejua atampiga mtu akidai ufunguo usiokuwapo. Malipo ya simu nayo yanasaidia sana. M-Pesa imekuwako tangu mwaka 2007, na kila shilingi inayopita huko haimo katika mkoba. Lakini ilipwe katika nambari ya biashara, na kamwe isiwe simu ya mfanyakazi mwenyewe, maana tumesikia majambazi sasa husema: leta simu, na sema nambari ya siri. Na mwenye kituo aweke simu ya kituo mahali ambapo ujumbe unaonekana kabla gari halijaondoka, ili mtu asiamini ujumbe ulioko katika simu ya mteja.

La pili, watu wawili. Hatuhesabu mlinzi mzee mwenye rungu. Mlinzi huyo tunamheshimu, naye analipwa kidogo kuliko wote. Sheria ya Ulinzi Binafsi ya mwaka 2016 inataka walinzi waandikishwe na wafundishwe, lakini mafunzo hayageuzi rungu kuwa ngao. Tunasema wafanyakazi wawili wa pampu katika kila zamu ya usiku, au kituo kifungwe saa nne. Matajiri watapiga kelele kwamba ni gharama. Kelele hizo zilipigwa Marekani pia. Katika miaka ya 1980 mji wa Gainesville, katika jimbo la Florida, uliwalazimisha wenye maduka madogo ya usiku kuweka watu wawili baada ya karani wengi kuvamiwa, na wenye maduka walipinga kwa nguvu. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1970, kampuni ya maduka ya 7-Eleven ilifanya jambo la busara ambalo hatujaona mtu akilifanya huku: walimwuliza mtu aliyewahi kuwa jambazi. Naye aliwaambia wapunguze fedha dukani na watangaze kwamba wamepunguza, waondoe makaratasi yaliyoziba vioo ili aliye nje amwone aliye ndani, na waongeze taa. Walipojaribu hayo, wizi ulipungua. Hakusema wanunue bunduki, wala hakusema wamkate karani mshahara.

Taa, basi. Tumepita vituo vyenye jina kubwa juu linalowaka mpaka asubuhi na chini kwenye pampu giza tupu, mtu anatafuta kifuniko cha tangi kwa mwanga wa simu. Jina la kampuni linalindwa kuliko mtu. Vichaka vya nyuma vikatwe. Kama tajiri hana mtu wa kuvikata, vijana wa mwethya watavikata kwa mapatano ya siku moja. Masanduku ya soda yasipangwe mpaka dirishani. Anayepeleka fedha benki asiende saa ile ile kila siku kwa bodaboda ile ile.

Na ninyi ndugu wa pampu, mna wajibu wenu. Msitaje mauzo mkiwa baa. Msimwambie hata mpenzi ni saa ngapi meneja hutoka. Noti ya 1,000 ishikwe na itazamwe kwenye mwanga, hata mteja akinung'unika; tangu noti mpya zilipotolewa Juni 2019 watu wameshapata muda wa kuzizoea, basi hakuna udhuru. Na mkitolewa silaha, toeni fedha. Msikimbize mtu, wala msirushe jiwe, wala msimtazame usoni kwa hasira. Kumbukeni mavazi tu, viatu, sauti, na upande aliokwenda. Fedha za tajiri hazina mjane.

Juu ya kuumia: Sheria ya Fidia za Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awe na bima kwa wafanyakazi wake. Sisi twasema aliyepigwa risasi akiwa ameshika pampu ameumia kazini, kama aliyekatwa kidole na mashine, na tutalisema hivyo mbele ya ofisa yeyote. Pia Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo, kifungu cha 14, inasema mfanyakazi aripoti hatari kubwa iliyo karibu, na mwenye mahali pa kazi asimlazimishe kurudi penye hatari hiyo mpaka imerekebishwa. Lakini sheria hiyo ina tundu. Kamati ya usalama ni lazima pale tu penye wafanyakazi 20 au zaidi. Kituo cha Ikutha chenye watu 5 hakina kamati, na hakitakuwa nayo mpaka watu 5 wa hapa na watu 6 wa pale waungane. Mtu wa pampu akiwa peke yake ni mtu wa kukatwa tu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, na watu wa mafuta wana chama chao, Kenya Petroleum Oil Workers Union, tangu zamani. Sisi wa reli hatutaki kuwachukua wanachama wa wenzetu. Tunataka wawe wanachama.

Pale misheni tulifundishwa habari ya mtu aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko akaangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Wawili walimpita. Wa tatu alisimama, akamfunga majeraha, akamlipia nyumba ya wageni. Katika miaka yote ya kusikia hadithi hiyo hatukusikia kwamba alitokea wa nne, akamsimamisha majeruhi, akamwambia: mizigo uliyoporwa ilikuwa yangu, utanilipa kila mwezi.

Yule jirani yetu amekwisha kutuachia karatasi yake aliyotia sahihi, na hesabu ya shilingi 18,000 alizokatwa. Madai ya mkataba wa kazi yanapaswa kufunguliwa kabla ya miaka 3 kupita, naye bado ana muda. Tumekubaliana kumsindikiza kwa ofisa wa kazi, na tajiri akikataa, twende Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Lakini kesi ya mtu mmoja huonekana kama ugomvi wa mtu mmoja. Kwa hiyo tunawaomba wanachama wetu wa Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, kila mmoja amtafute mtu wa pampu anayemfahamu, na walio na jamaa Mutomo, Kitui na Mwingi wawaandikie. Waje na karatasi za mshahara, hata zile zilizoandikwa kwa mkono nyuma ya risiti. Asiye na karatasi aje na tarehe: tarehe ya kuvamiwa, tarehe ya kuripoti polisi pamoja na nambari aliyopewa, na miezi aliyokatwa. Katibu wa tawi ataandika yote katika daftari moja. Majina hayatasomwa mkutanoni.